Mzee wa Hadubini anajibu: "Mnatafuta nini kwenye damu ya panya?"

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu habari ya vijidudu vya seli moja wanaoishi ndani ya panya wa porini, na jinsi siku hizi tunavyowatambua kwa vinasaba. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua zimejaa mezani. Nusu yake zinauliza bei ya sumu ya panya. Hao naomba waende duka la pembejeo, mimi nilikuwa mtu wa maabara. Hizi tano ndizo zilizonikalisha chini.

Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima wa mahindi, Kilosa. Mwezi uliopita walikuja vijana wa chuo na visanduku vya bati, wakavipanga shambani kwangu jioni. Asubuhi panya tele! Nikafurahi nikijua watawaua. Wakawatoa tone la damu, wakawatia alama, wakawaachia palepale. Hasira haijaniisha. Damu ya panya ina nini, na kwa nini wasiwaue?

Marahaba mkulima. Hasira yako naielewa, maana na mimi nimewahi kufukuzwa na jembe kwa sababu hiyohiyo, huku Mvomero. Ukimwachia mtu mwizi wake mbele ya macho yake usitegemee chai.

Lakini sikiliza. Panya uliyemwona, bila shaka wengi wao, ni panya shamba, yule wa kijivu-kahawia ambaye jike lake linaweza kuwa na chuchu hadi 24. Hapa Morogoro Chuo Kikuu cha Sokoine kimemfuatilia kwa miaka mingi, kwa sababu ndiye anayefukua mbegu zako kabla hazijaota. Vile visanduku tunaviita mitego ya Sherman. Ndani huwekwa siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba za mahindi. Panya akiingia mlango unajifunga, hadhuriki. Wangemuua wangejua siku moja tu ya maisha yake. Wakimwachia akiwa na alama, wakamkamata tena mwezi ujao, wanaweza kujua kama kimelea alichokuwa nacho bado kipo, kimepungua, au ndiyo kwanza kimeingia. Tone moja la damu halisemi hayo.

Na damu ina nini? Nikuambie nilichoona mimi siku yangu ya kwanza ya kazi hii. Niliweka tone bichi la damu ya panya wa darini kwenye kioo, nikainama, nikaona chembe nyekundu zinatikisika kama watu sokoni wanaopishana na mwizi anayekimbia. Nikangoja. Akatokea: mwembamba, mkia mbele, anajinyonganyonga kama samaki mkunga. Huyo ni tripanosoma. Ni ukoo uleule wa kijidudu cha malale, ila huyu wa panya haletwi na mbung'o; huletwa na viroboto. Panya humeza kiroboto au kinyesi chake anapojilamba, basi. Wapo na wengine: jamaa wa malaria, babesia wa kupe, toksoplasma anayejificha kwenye ubongo, kriptosporidia wa utumbo. Panya mmoja anaweza kubeba watatu na bado akala mahindi yako kwa hamu.

Tafadhali usiwakamate kwa mikono mitupu kuwahakiki. Mkojo wa panya una magonjwa yake mengine kabisa, na wazee wa Lushoto watakusimulia habari za tauni.

Mzee, mimi nasoma stashahada ya maabara, Eldoret. Mwenzangu anayefanya kazi mjini anasema hadubini imepitwa na wakati. Siku hizi unatoa vinasaba, unapata jina la kimelea, kazi imekwisha. Je, tujisumbue bado kujifunza kupaka slaidi?

Mwenzako ana haki nusu, na nusu hiyo nitaieleza kwanza.

Hadubini inakuonyesha kwamba mtu ameingia nyumbani. Haikwambii ni nani. Simama nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa: kanzu nyeupe na kofia, kila upande. Nani katoka Lamu, nani Vanga? Ndivyo walivyo hawa viumbe. Tripanosoma wa panya wa darini na yule wa vipanya wa nyumbani wanafanana mno. Leishmania ndio wabaya zaidi. Ndani ya seli wanakuwa viduara vya mikrometa 2 hadi 5, vidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, na ukiwapanga kwenye slaidi moja hata mimi, mzee huyu, sitakuambia yupi ni yupi.

Na tofauti hiyo si ya kitoto. Hapo kwenu Bonde la Ufa, Baringo, zipo leishmania za aina mbili. Mmoja, *Leishmania donovani*, ndiye wa kala-azar, anayevimbisha bandama na kuua asipotibiwa. Mwingine, *Leishmania major*, husababisha vidonda vya ngozi, na makao yake ni panya wa porini. Hubebwa na kijidudu kidogo kuliko mbu, rangi ya mchanga, kinachoishi kwenye mashimo ya panya na vichuguu. Miaka ya 1980 watafiti walipowatoa vimelea hivyo kwenye panya wa Baringo ilibidi wavikuze, wavisage, kisha wavitambue kwa mwendo wa vimeng'enya vyao kwenye umeme. Kazi ya wiki nyingi. Ikajulikana panya wanabeba *major*. Sasa fikiria daktari wa mifugo au bwana afya aliyeona viduara tu kwenye slaidi ya panya, akatangaza kwamba panya ndio chanzo cha kala-azar. Kijiji kizima kingefukuza mnyama asiye na kesi.

Vinasaba ndivyo vinavyoamua. Na hapa nitatumia kanga, kwa kuwa mke wangu ndiye aliyenifundisha kuwaeleza wageni kwa njia hii. Kanga ina pindo na ina mji. Chukua kanga mia kutoka kiwanda kimoja. Pindo zinaweza kufanana, mji ndio unaotofautisha. Viumbe vyote vyenye kiini vina jeni inayoitwa 18S, ya kutengeneza sehemu ya kiwanda cha protini ndani ya seli. Ukingo wa jeni hiyo umebaki karibu vilevile kwa kila ukoo, katikati mmebadilika. Sisi tunatengeneza vipande vifupi vinavyoshika pindo, tunaviita praima. Vikishashika, tunanakili kilichomo kati yake.

Kunakili ndiyo ile PCR uliyoisikia wakati wa korona. Unapasha moto hadi nyuzi 95, nyuzi mbili za kinasaba zinaachana. Unapoza hadi 55 au 60, praima zinashika pindo. Unapandisha 72, kimeng'enya kinajaza katikati. Kipande kimoja kimekuwa viwili. Rudia. Mizunguko 30 inakupa zaidi ya nakala bilioni moja kutoka kipande kimoja, kwa hesabu ya karatasi. Kary Mullis alibuni jambo hili mwaka 1983, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Lakini nampenda zaidi bakteria anayefanya kazi yenyewe: kimeng'enya hicho asili yake ni kiumbe cha chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, kilichoelezwa mwaka 1969 na watu waliotaka tu kujua nani anaweza kuishi kwenye maji yale. Hawakuwaza panya hata kidogo.

Wakati mwingine huhitaji hata kusoma herufi. Urefu wa kipande unatosha. Kwa tripanosoma wa mifugo kuna eneo liitwalo ITS1. Ukiliendesha kwenye jeli, ambayo hutenganisha vipande kwa urefu, *vivax* anasimama karibu na herufi 250, *brucei* kwenye 480, *congolense* wa mbugani kwenye 700 hivi, na ndugu yake aitwaye aina ya Kilifi, ndiyo, Kilifi yenu ya pwani, kwenye 620 hivi. Mistari inakaa kama ngazi. Kwa panya hatubahatiki hivyo mara zote, kwa hiyo kipande tunakipeleka kisomwe herufi kwa herufi, halafu tunakilinganisha na vilivyohifadhiwa GenBank, ghala la vinasaba la dunia nzima. Na panya mwenyewe tunampima kwa jeni ya mitokondria iitwayo sitokromu b, kwa sababu panya nao hufanana kwa sura na mtafiti aliyechoka saa kumi na moja alfajiri huandika chochote.

Hiyo ndiyo haki ya mwenzako. Sasa nusu nyingine.

Kuna mwaka nilikuwa kwenye maabara moja, sitaitaja, nikiendesha sampuli za panya wa milimani. Kila mara tunaendesha pia kijaribio cha maji matupu. Maji hayana panya, kwa hiyo hapo pasionekane kitu. Nikapata mistari mizuri ajabu, panya kumi na wanne kati ya kumi na sita wana kimelea! Nikampigia mkuu wangu simu, akapiga makofi, nikasikia. Niliporudi kwenye jeli, nikatazama kisima cha mwisho. Maji nayo yalikuwa "yameambukizwa". Mstari uleule, unang'aa kuliko wa panya.

Kosa lilikuwa langu. Pipeti niliyochotea nakala za PCR za jana ndiyo niliyotumia kupimia sampuli za leo. Nakala bilioni zile, moja ikidondoka tu, inajizalisha upya. Tulitupa vimiminika vyote, tukasugua meza kwa jiki, tukahamisha chumba. Wiki tatu. Kumpigia tena mkuu ndiko kulikonizeesha.

Nilichorudia baada ya hapo ni slaidi. Kila panya alikuwa na slaidi yake kwenye sanduku la mbao, imepakwa rangi ya Giemsa, na wawili tu ndio walionyesha mgeni. PCR hunasa hata kilichobaki cha kimelea aliyekwisha kufa, hata alichokula panya jana kikapita tumboni. Slaidi inakuonyesha kimelea mwenyewe, wangapi, wa umri gani, na kama wamo wawili tofauti. Tena GenBank si msahafu. Ni ghala ambalo kila mtu anaweka mzigo wake na lebo aliyoandika mwenyewe. Ukipata mfanano wa asilimia 99 na lebo, uliza nani aliibandika na aliona nini. Ukipata 90, usilazimishe jina. Huenda umeshika kiumbe ambacho bado hakijabatizwa.

Kwa hiyo paka slaidi, mwanangu. Tone dogo, kioo cha pili kwa pembe, sukuma mara moja bila kusita. Ukingo uwe kama ulimi.

Mzee, jambo sana. Niko Lubumbashi. Mjomba wangu anasema malaria ya panya ilivumbuliwa hapa kwetu Katanga na sasa iko dunia nzima. Ni kweli ao anatuchezea?

Jambo sana, ndugu. Mjomba ni mkweli. Ignace Vincke na Marcel Lips waliipata mwaka 1948 kwenye panya wa miti wa msitu wa kando ya mto, Kisanga. Napenda jinsi walivyoifikia: walianza na mbu. Anofelesi wa pale walikuwa na vimelea kwenye tezi za mate, lakini damu iliyokuwa tumboni mwao haikuwa ya mtu. Wakaifuata damu hadi kwa panya. Kimelea kikaitwa *Plasmodium berghei*, kwa heshima ya Louis van den Berghe. Hakiambukizi watu, mjomba asiogope.

Kuhusu kuenea dunia nzima: kimo kwenye majokofu ya maabara za kila bara, ndani ya panya weupe. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig alionyesha kwamba panya aliyedungwa vimelea vya *berghei* vilivyodhoofishwa kwa mionzi alipata kinga. Kutokana na njia hiyo, miaka mingi baadaye, ilitokea chanjo ya malaria ya watoto, RTS,S, iliyojaribiwa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya, pamoja na kwingine Afrika, na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021. Panya wa Kisanga hakulipwa chochote.

Mimi ni mama wa Tanga, nina mimba ya miezi minne. Nina paka, na paka anakula panya. Nimesoma kuhusu toksoplasma nimekosa usingizi. Je, panya wa nyumbani kwangu wanaweza kupimwa vinasaba nijue?

Pole mama, lakini panya wako kupimwa hakutakusaidia. Toksoplasma haogelei kwenye damu akingoja kuonekana. Kwa panya amejifungia kwenye vifuko vya ubongo na misuli. Sisi tukitaka kumjua tunachukua ubongo wenyewe na kutafuta jeni iitwayo B1, ambayo anayo nakala zipatazo 35, ndiyo maana ni rahisi kuinasa. Alitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1908 Tunisi, kwa mnyama mdogo wa jangwani aitwaye gundi, na ndipo likatoka jina *gondii*. Waliokosea herufi hawakusahihisha.

Kilicho muhimu kwako ni kinyesi cha paka, na muda. Mayai yanayotoka na kinyesi hayaambukizi siku hiyohiyo. Huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Basi mtu mwingine nyumbani asafishe mahali pa paka kila siku. Wewe osha mboga vizuri, pika nyama iive hadi ndani, vaa glavu ukipalilia bustani. Na kliniki umwambie mkunga ulivyoniambia mimi. Kipimo kinachokuhusu ni cha damu yako. Paka usimfukuze.

Nafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Mombasa. Panya wa melini nimewaona wakubwa kama sungura. Swali langu: panya akitoka meli ya mbali anaweza kuleta kimelea kipya nchini? Na mtu anaweza kujua baada ya miaka mingi?

Swali hili nimeliweka mwisho makusudi, maana majibu ya yote mawili yamo kwenye kisa kimoja, na nakipenda kuliko hadithi zote za kazi yangu.

Kusini mwa Java, katika Bahari yetu hii ya Hindi, kipo kisiwa cha Krismasi. Zamani kilikuwa na panya wa aina mbili ambao hawapo kwingine duniani: panya wa Maclear, aliyekuwa akitembea kila mahali usiku, na mwingine mnene aliyeitwa panya wa buldogi. Mwaka 1897 Charles Andrews wa makumbusho ya Uingereza aliwakuta tele. Ikafuata kazi ya kuchimba fosfati, na mwaka 1899 meli iitwayo Hindustan ikaja na panya weusi ndani ya mzigo. Panya kama hao unaowaona gatini.

Miaka michache tu baadaye watu wa kisiwani wakaona panya wa Maclear wakitembea mchana njiani, wamelegea, wanakufa. Daktari mmoja, Herbert Durham, aliyewachunguza, alisema aliona tripanosoma kwenye damu yao. Andrews aliporudi mwaka 1908, hakuna hata mmoja. Aina zote mbili zimekwisha.

Kwa miaka mia moja hayo yalibaki maneno ya watu wawili watatu. Mwaka 2008 kundi la watafiti lilichukua vipande kutoka ngozi za panya hao zilizohifadhiwa makumbusho ya Uingereza, wakatafuta vinasaba vya tripanosoma. Kwa panya waliokusanywa kabla ya meli, hawakupata kitu. Kwa waliokusanywa baada ya 1899, baadhi yao walikuwa nacho: *Trypanosoma lewisi*, yule mwembamba wa panya weusi. Kwa panya mweusi huyo mdudu ni mafua, anapita. Kwa wale ambao hawajawahi kukutana naye, ilikuwa mwisho.

Angalia vizuri, kinasaba pekee kisingetosha. Kinathibitisha kimelea alikuwepo. Hakithibitishi ndiye aliyeua. Ni tarehe ya meli, slaidi ya Durham na ngozi za Andrews zilizokaa sandukuni ndizo zilizoungana nacho. Mtu aliyezitia ngozi zile lebo zenye tarehe sahihi, na hakujua vinasaba ni nini, ndiye aliyefanya nusu ya kazi. Nami ndiyo maana naandika tarehe kwa penseli: wino ukiguswa na spiriti unayeyuka.

Kwa hiyo ndiyo, kaka. Panya wa melini huja na viroboto wake, na viroboto na wageni wao. Kwa binadamu *lewisi* ni nadra sana. Waliopatikana nae, wengi ni watoto wachanga huko Asia waliolala penye panya na viroboto. Kama una mtoto mdogo, kitanda kiwe mbali na sakafu na mahali pa panya.

Umeongeza kwa mkono chini ya barua: "Nikikuletea mmoja kwenye mfuko wa plastiki utanipimia?" Usilete. Nimestaafu, na panya aliyekufa juzi kwenye joto la Mombasa vinasaba vyake vimekwisha kuoza kabla hujapita Mtito Andei. Tena usimtie formalini ukidhani umemhifadhi. Formalini huvikatakata vinasaba, spiriti kali ndiyo inayofaa. Na mfuko wenyewe, ndugu yangu, Kenya ulipigwa marufuku tangu 2017. Utashikwa Namanga kwa sababu ya mfuko, wala si panya.